Laana Isiyoandikwa: Karagwe, Magombo ya Kale na Ushahidi wa Udongo

Tarehe 25 Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliwasili katika makao makuu ya ufalme wa Karagwe, nchi ya vilima virefu na mabonde iliyoko magharibi ya Ziwa Victoria. Mtawala wa nchi hiyo alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, na makao yake yalikuwa Bweranyange, katika eneo ambalo leo ni la Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Ufalme wenyewe ulienea pia katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Wageni hao walipokewa kwa ukarimu mkubwa. Speke alikaa hadi Januari 1862. Grant, aliyekuwa akiuguza mguu, hakuweza kuondoka hadi Aprili.

Katika mazungumzo yao Speke alimsimulia mfalme habari za Biblia. Kisha akamweleza jambo ambalo halikuwamo katika mapokeo ya Karagwe: kwamba ukoo wa watawala wa nchi hiyo ulitokana na Wahabeshi, na kwa njia ya Wahabeshi ulifika hadi kwa Mfalme Daudi wa Israeli. Wafalme wa Uhabeshi walijihesabu kuwa wazao wa Sulemani, mwana wa Daudi. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Speke, aliye jamaa ya Wahabeshi alikuwa jamaa ya Daudi pia. Rumanyika, kwa ushuhuda wa Speke mwenyewe, alipendezwa sana na habari hizo. Ni nani asiyependezwa akiambiwa kwamba babu yake alikuwa mfalme mashuhuri?

Yafaa kukumbuka kwamba maneno hayo yalipita katika lugha kadhaa. Speke alizoea kusema na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, naye Bombay akayageuza kwa Kiswahili. Na kutoka Kiswahili yakawafikia watu wa baraza ambao lugha yao ni Kinyambo. Yaliyosemwa, yaliyofasiriwa na yaliyosikiwa huenda yasiwe jambo moja.

Mwaka 1863 Speke alichapisha London kitabu cha safari yake, na humo akaweka sura nzima juu ya asili ya watawala wa nchi za maziwa makuu. Kwa maoni yake, wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa taifa jingine kabisa, lenye damu ya Shemu na Hamu, lililotoka Uhabeshi na kuwashinda wakulima wenyeji. Dhana hiyo ilikuja kuitwa na wanahistoria nadharia ya Wahamu. Iliingia katika vitabu vya shule na katika taratibu za utawala wa kikoloni, na madhara yake yalifika mbali kuliko alivyoweza kufikiri mtu aliyeitunga. Makala haya yanaipima kwa mizani mbili: hati za kale zenyewe, ambazo jina la Hamu lilichukuliwa kutoka humo, na udongo wa nchi ambayo nadharia hiyo ilidai kuieleza.

ALICHOKIONA NA ALICHOKIDHANI

Kwanza sharti kitabu cha Speke kitendewe haki. Mwanahistoria wa Karagwe hawezi kukiacha, kwa sababu ndicho ushahidi wa maandishi wa mapema ulioandikwa na mtu aliyekaa katika baraza la Rumanyika. Anapoeleza jinsi ndugu walivyogombea ufalme baada ya kifo cha Ndagara, na jinsi ilivyosimuliwa kwamba kingoma kidogo kiliwekwa chini mbele ya wana wa mfalme na ni Rumanyika peke yake aliyeweza kukiinua, Speke anatupa jambo la thamani: simulizi ya baraza kama ilivyosemwa mwaka 1861, ikieleza kwa nini mtu huyu na si ndugu yake alistahili kutawala.

Lakini mwandishi huyo huyo anapotoka katika yale aliyoyaona na kuyasikia, akaingia katika yale aliyoyadhani, kalamu yake haibadiliki. Yote huandikwa kwa uhakika ule ule. Rumanyika alimwambia kwamba wazee wake walitoka upande wa kaskazini, Kitara; hiyo ni simulizi. Uhabeshi aliuongeza Speke, kwa kutazama sura za watu na umbo la pembe za ng'ombe. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha namna hiyo anafanya vema kuchukua kalamu mbili za rangi mbalimbali, akapigia mstari kwa rangi moja yale mwandishi aliyoyaona au kuyasikia, na kwa rangi ya pili yale aliyoyakisia. Katika sura ile ya asili ya watawala, rangi ya pili itakwisha upesi.

Ipo pia kasoro nyingine, nayo ni ya mantiki. Katika utangulizi wa kitabu chake Speke anawataja Waafrika weusi kuwa wana wa Hamu, aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa wa ndugu zake. Katika sura za mbele, damu ya Hamu imekuwa sehemu ya sifa za watawala. Jina moja linawaeleza walio chini na walio juu! Mwaka 1969 mtafiti Edith Sanders alionyesha katika jarida la historia ya Afrika kwamba mgeuko huu haukuwa wa Speke peke yake: wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 walimhamisha Hamu kutoka upande mmoja hadi mwingine kadiri walivyohitaji kueleza kwamba kila jambo kubwa lililoonekana katika Afrika lililetwa kutoka nje.

GOMBO LA PANGO LA NNE

Je, hati zenyewe zasemaje? Masimulizi yanayohusika yamo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9 na ya 10. Nuhu alilewa mvinyo, akalala uchi, Hamu akamwona, Nuhu alipoamka alitamka laana. Msomaji akifungua Biblia yake ya Kiswahili ataona kwamba anayetajwa katika laana hiyo ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu mwenyewe hatajwi kulaaniwa. Katika sura inayofuata wana wa Hamu wanahesabiwa kuwa Kushi, Misri, Puti na Kanaani, na wazao wa Kanaani ni watu wa Sidoni, Wayebusi, Waamori na wengineo, yaani wenyeji wa Palestina na pwani yake. Hakuna neno lolote juu ya rangi ya ngozi, wala juu ya ng'ombe.

Mtu anaweza kuuliza: tutajuaje kwamba maneno hayo hayakubadilishwa na wanakili katika karne nyingi? Hadi katikati ya karne ya 20 swali hilo lilikuwa gumu kujibiwa. Hati kongwe iliyo kamili ya Biblia nzima ya Kiebrania, ambayo imehifadhiwa katika mji wa Saint Petersburg, iliandikwa takriban mwaka 1008 baada ya Kristo. Kisha, mnamo mwaka 1947, wachungaji Wabedui waliingia katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Qumran, wakakuta mitungi yenye magombo ya ngozi. Katika miaka iliyofuata mapango 11 yaligunduliwa, na humo mabaki ya hati zaidi ya 900, zilizoandikwa kati ya karne ya 3 kabla ya Kristo na karne ya 1 baada ya Kristo. Kwa pigo moja wasomi walirudi nyuma miaka elfu moja.

Pango la Nne, lililogunduliwa mwaka 1952, ndilo lililotoa hati nyingi kupita yote, lakini karibu zote zikiwa zimeraruka vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu. Kazi ya kuviunganisha iliwachukua wasomi miongo kadhaa. Walilinganisha mwandiko, mistari iliyochorwa kwenye ngozi, unene wa ngozi yenyewe, hata matundu ya wadudu, kama fundi anayekusanya vigae vya vyungu vingi vilivyovunjikia mahali pamoja.

Miongoni mwa vipande hivyo imo hati iliyopewa namba 4Q252, maana yake ni hati ya 252 ya Pango la Nne la Qumran. Ni maelezo juu ya kitabu cha Mwanzo, yaliyonakiliwa, kwa kadiri ya mwandiko wake, mnamo mwishoni mwa karne ya 1 kabla ya Kristo. Mhariri wake, George J. Brooke wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliichapisha rasmi mwaka 1996. Mwandishi wa hati hiyo alipofika penye ulevi wa Nuhu aliona swali lile lile ambalo msomaji makini huliona: ikiwa Hamu ndiye aliyekosa, mbona amelaaniwa Kanaani? Naye akajibu waziwazi. Nuhu, anaeleza, hakumlaani Hamu ila mwanawe, kwa sababu Mungu alikuwa amekwisha kuwabariki wana wa Nuhu, na aliyebarikiwa hawezi kulaaniwa.

Basi karibu miaka 1,900 kabla ya Speke kuketi barazani Bweranyange, mfasiri mmoja wa Kiyahudi alikuwa amekwisha kuandika kwamba Hamu hakulaaniwa. Haikumlazimu Speke kuijua hati iliyokuwa bado imelala pangoni. Ilitosha kusoma kwa uangalifu Biblia ile aliyoifundisha.

Hapa wasomi wa hati wana kanuni moja ambayo inafaa kujulikana hata na wasiopata kuona gombo maishani mwao. Zipo nakala za baadaye za tafsiri ya Kigiriki ambazo katika laana ya Nuhu zinaweka jina la Hamu mahali pa Kanaani. Nakala ipi iaminiwe? Jibu la wasomi ni kwamba usomaji ulio mgumu aghalabu ndio wa kwanza. Mnakili anaweza kushawishika kurahisisha jambo linalotatiza, na hapa kumweka mkosaji mahali pa mwanawe kunaondoa tatizo. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini mtu aondoe jina lililoeleweka aingize lile linaloleta maswali. Kanuni hii tutakutana nayo tena huko Karagwe.

SAA ILIYOMO NDANI YA KAA

Umri wa magombo ulikadiriwa kwanza kwa mwandiko. Kipimo kisichotegemea jicho la msomi kilitoka katika maabara ya kemia. Mwaka 1949 Mmarekani Willard Libby na wenzake walitangaza njia ya kupima umri kwa kaboni 14, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1960. Kila kiumbe kilicho hai, kiwe mti, ng'ombe au mtu, huingiza mwilini kaboni ya hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni kaboni 14, ambayo hutoa mnururisho na kupungua polepole. Kiumbe kikifa hakiingizi tena. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu ya kaboni 14 iliyokuwamo. Baada ya miaka 11,460 hubaki robo. Kitani cha miaka 2,000 kitakuwa kimebakiza kiasi cha asilimia 78. Kaa la mti uliokatwa miaka 2,500 iliyopita, asilimia 74 hivi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua logi anaweza kuzihakikisha hesabu hizo mwenyewe.

Kitani kilichofungia magombo ya pango la kwanza kilikuwa miongoni mwa vitu vya awali kupimwa na Libby. Jibu lilikuwa mwaka 33 baada ya Kristo, kwa tofauti ya miaka 200 mbele au nyuma. Ni kadirio pana, lakini lilitosha kuwanyamazisha waliodai kwamba magombo hayo yalikuwa ya zama za katikati. Vipimo vipya vilivyofanywa Zürich kwa vipande vidogo vya magombo yenyewe, na kutangazwa mwaka 1991, kwa jumla vilikubaliana na kadirio la wasomi wa mwandiko.

Njia hiyo hiyo, kwa vipimo vya namna ile ile, ndiyo iliyotumiwa kupima makaa ya matanuru ya Kagera. Kaboni haina habari kama imetoka katika kitani kitakatifu au katika kaa la mhunzi.

UDONGO WA KAGERA

Kati ya mwaka 1969 na 1971 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifanya kazi katika nchi ya Wahaya, mashariki ya Karagwe. Hakuanza kwa jembe. Alianza kwa kuwasikiliza wazee. Huko Katuruka, karibu na Maruku, walimwonyesha mahali pa mti mkubwa paitwapo Kaiija, wakamsimulia kwamba hapo Mfalme Rugomora Mahe alifuisha chuma na kujenga mnara wa chuma wa kufikia mbinguni. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja mnara wa Babeli, na mtu wa kizazi cha Speke angaliona ndani yake ushahidi mwingine wa wageni kutoka mashariki. Lakini mnara wa Babeli ulijengwa kwa matofali, na kufanana kwa masimulizi hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Watu wengi duniani wametamani kufika mbinguni.

Schmidt alipochimba mahali alipoonyeshwa, alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma na vigae vya vyungu vya aina iitwayo Urewe, jina la mahali palipo magharibi ya Kenya ambapo vilielezwa na wataalamu mwaka 1948. Makaa ya Katuruka yalipopimwa, baadhi yalitoa miaka ya katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Simulizi iliyomtaja mfalme wa karne ya 17 ilikuwa imewaelekeza wachimbaji kwenye kazi ya chuma iliyomtangulia mfalme huyo kwa miaka zaidi ya elfu mbili.

Hata hivyo miaka hiyo haikupokelewa na wote bila maswali, na maswali yenyewe yana mafunzo mengi. Kwanza, kaa hupima umri wa mti wala si umri wa moto. Mhunzi akichoma kuni za kiini cha mti wa miaka 300, maabara itaongeza miaka hiyo katika umri wa tanuru. Pili, kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo kiasi cha kaboni 14 hewani kilibadilika kwa namna ambayo makaa ya karne zote nne hutoa majibu yanayokaribiana, hata mtu asiweze kuyatenganisha. Kwa sababu hiyo tarehe za mwanzo za Katuruka zinajadiliwa hadi sasa. Lisilojadiliwa ni kwamba katika karne za kwanza baada ya Kristo, kama matanuru ya Ghuba ya Kemondo yanavyoonyesha, watu wa nchi hii walikuwa mafundi wa chuma.

Nao walikuwa mafundi kwelikweli. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru na kuyeyusha mawe ya chuma mbele ya watafiti. Schmidt na Donald Avery walitangaza matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Walisema kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani sana ya tanuru ilitia joto hewa ya mivukuto kabla haijafika motoni, na hivyo kuzidisha ukali wa moto. Wataalamu wengine wa metali walipinga hesabu ya joto hilo, na mabishano hayakwisha kwa mwaka mmoja. Chuma chenyewe, hata hivyo, kilipatikana.

Yote hayo ni ya Buhaya. Karagwe yenyewe ilichunguzwa kwa jembe baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Andrew Reid alifanya utafiti katika wilaya hiyo, na mwaka 1995 yeye na Rachel MacLean walichapisha makala juu ya maana ya ufuaji wa chuma katika ufalme wa Karagwe. Bweranyange chuma kilikuwa karibu sana na kiti cha enzi. Miongoni mwa alama za ufalme zilikuwamo nyundo za chuma zilizofanana na fuawe na sanamu za ng'ombe za chuma, zenye pembe ndefu zilizopinda. Henry Morton Stanley, aliyefika kwa Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa pia sanamu za shaba za ndege na ng'ombe katika nyumba ya hazina. Hamo Sassoon alizichambua alama hizo mwaka 1983. Ng'ombe wa mfugaji ameumbwa kwa mkono wa mhunzi! Ufalme uliodaiwa kuwa wa wafugaji waliokuja kutawala wengine uliweka katika hazina yake kazi ya ufundi uliokuwa wa kale katika nchi yenyewe.

Kaskazini ya mto Kagera, katika Uganda, ushahidi ni wazi zaidi. Huko Ntusi, mji wa udongo na majalala makubwa uliokaliwa tangu karibu karne ya 11 hadi ya 15, wachimbaji walikuta mifupa mingi ya ng'ombe pamoja na mawe ya kusagia nafaka. Watu wa mahali pamoja walifuga na kulima. Iwapo baadaye wafugaji na wakulima walitengana wakawa tabaka mbili, mtengano huo ulikua ndani ya nchi, katika karne zinazoweza kuhesabiwa. Haukuletwa ukiwa tayari na jeshi kutoka Uhabeshi.

Lugha nayo yatoa ushuhuda. Mfugaji na mkulima wa Karagwe wote husema Kinyambo, lugha ya Kibantu, ndugu wa Kihaya, ambayo mtu mmoja ndani yake ni omuntu na wengi ni abantu. Joseph Greenberg, katika uainishaji wake wa lugha za Afrika uliokamilika mwaka 1963, hakuona sababu ya kubakiza kundi lililoitwa la Wahamu. Hakuna anayekana kwamba watu walihamahama. Ng'ombe na mtama vyote vilifika katika nchi ya maziwa makuu kutoka kaskazini, na hapana shaka watu walivileta. Linalokanwa ni kwamba werevu wa kutawala ulikuja katika damu ya ukoo mmoja.

USOMAJI MGUMU WA KARAGWE

Mwaka 1975 mwanahistoria Mtanzania Israel Katoke alichapisha Nairobi historia ya ufalme wa Karagwe, iliyojengwa juu ya masimulizi ya Wanyambo wenyewe. Mapokeo ya baraza husema kwamba ukoo wa Bahinda ulianzishwa na Ruhinda. Lakini mapokeo hayo hayo yanakiri kwamba kabla ya Ruhinda nchi ilikuwa na mtawala, Nono, wa ukoo wa Basita.

Hapa ndipo kanuni ya wasomi wa magombo inapotufaa. Watawala wa Bahinda wangepata faida wakisahau habari za Nono. Nchi isiyokuwa na mwenyewe haina wa kuidai. Hata hivyo jina lake lilibaki katika vinywa vya watu kwa vizazi vingi. Jambo linalompunguzia msimulizi heshima au haki, naye akaendelea kulisimulia, lina uzito kuliko lile linalompendeza. Kwa kipimo hicho habari ya Nono ina nguvu, na habari ya Mfalme Daudi, ambayo ilimpendeza msemaji na msikilizaji pia, haina.

Kuweka tarehe katika orodha ya wafalme ni kazi nyingine, nayo si nyepesi. Wanahistoria huhesabu vizazi, wakikipa kila kimoja wastani wa miaka 25 hadi 30, kisha hutafuta mahali ambapo orodha ya ufalme mmoja inakutana na ya mwingine. Mara chache mbingu husaidia. Simulizi za Nkore, ng'ambo ya Kagera, zinakumbuka kwamba jua lilitiwa giza huko Biharwe wakati wa vita na Bunyoro, na wengi wameliunganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Pendekezo hilo ni zuri, ila kupatwa kwa jua hutokea tena na tena. Mwaka ukikosewa, vizazi vyote vilivyofungwa kwenye mwaka huo husogea pamoja.

MAJI YA KAGERA

Msomaji anaweza kudhani kwamba kosa la msafiri wa mwaka 1861 ni jambo la maktaba. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, watawala wa Kijerumani na baadaye wa Kibelgiji waliichukua nadharia ya Wahamu kuwa elimu. Watutsi waliambiwa kwamba ni watawala waliotoka Uhabeshi, Wahutu kwamba ni watawaliwa kwa asili, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Siasa ilipogeuka, hadithi ile ile iligeuzwa makali: aliyeambiwa jana kwamba ni mgeni bora, leo aliambiwa kwamba ni mgeni tu. Katika hotuba ya Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alisema hadharani kwamba Watutsi wangerudishwa Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, ambao unapita kando ya Karagwe na Kyerwa kuelekea Ziwa Victoria. Mwaka 1994 mto huo uliteremsha maiti maelfu hadi ziwani, na vilima vya Karagwe na Ngara vikajaa kambi za wakimbizi. Mauaji hayo yalikuwa na sababu nyingi, nyingi kati yake zikiwa za wakati wake. Lakini neno Uhabeshi katika hotuba ile lilikuwa na historia, na sehemu ya historia hiyo ilianzia Bweranyange.

Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili ana vifaa karibu. Biblia ya Kiswahili ipo katika nyumba nyingi, na sura ya 9 ya Mwanzo husomwa kwa dakika tano. Wanafunzi waulizwe, kabla ya kusoma, ni nani aliyelaaniwa, kisha wasome. Wazee wanaojua majina ya watawala na koo wapo katika vijiji, nao waandikwe kama walivyosema, bila kusahihishwa, pamoja na jina la ukoo wa msimulizi, kwa kuwa Mhinda na Msita hawatasimulia kisa kimoja sawasawa.

Ardhini, alama ya kwanza ya kutafuta ni mavi ya chuma, yaani mabonge meusi, mazito, yenye vitundu, ambayo jembe huyainua mashambani. Vipande vya mirija ya udongo iliyoungua upande mmoja huonyesha kwamba tanuru lilikuwa karibu. Mahali pake paandikwe, papigwe picha, na kitu kiachwe kilipo. Bonge lililochukuliwa nyumbani limekwisha kupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu kaa lililokuwa chini yake ndilo lenye saa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua mabaki ya namna hiyo atoe taarifa serikalini. Sheria hiyo inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863, ambao, kwa sadfa, ndio mwaka kitabu cha Speke kilipotoka London.